Brent, WTI, Dubai, Murban: pipa la mafuta ghafi linapataje bei yake?

Mhasibu wa Ilala:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninashughulika na hesabu katika kampuni ndogo ya malori yanayotoa mizigo bandarini Dar es Salaam kuipeleka Tunduma na kuvuka mpaka, na kwa kuwa dizeli ndiyo inayokula sehemu kubwa ya mapato yetu, nimejizoeza kutazama bei za mafuta duniani kabla ya kupanga gharama za safari. Tatizo langu ni kwamba kila chombo cha habari kina bei yake. Kimoja kinasema mafuta yameshuka hadi kiwango fulani, kingine siku hiyohiyo kinataja kiwango kilicho chini zaidi kwa dola tatu au nne kwa pipa, na vyote viwili vinadai kuzungumzia "bei ya mafuta". Nimekutana na majina ya Brent, WTI, Dubai na Murban, na hivi karibuni nimeiona Dar Blend, ambayo kwa jina lake nilidhani ina uhusiano na jiji letu.

Naomba kueleweshwa: ni nini kinacholifanya pipa moja liwe ghali kuliko jingine, nani hasa anayeamua bei ya hizo zinazotajwa kila siku, na mtu kama mimi, ambaye hanunui mafuta ghafi bali dizeli ya sheli, afuatilie ipi kati yake? Ningependa kujibiwa na mtu anayeijua biashara yenyewe.

Mzee wa Kurasini:

Ndugu Mhasibu, nimestaafu kutoka upande wa uagizaji, kwa hiyo nitajibu kwa namna tulivyokuwa tukilitazama jambo hili tulipokuwa tunanunua. Mafuta ghafi hayana bei moja kwa sababu si bidhaa moja. Duniani huuzwa mamia ya aina, kila moja ikiitwa kwa jina la kisima, bandari au mchanganyiko wake, na hakuna anayeyahitaji yakiwa ghafi. Mwenye kiwanda cha kusafisha huyanunua kwa ajili ya petroli, dizeli, mafuta ya ndege na mabaki atakayoyapata humo. Kabla ya kutaja bei, mnunuzi hujiuliza pipa hilo, likipita katika mitambo yake yeye, litampa nini, na kitakachotoka atakiuza kwa kiasi gani.

Sifa mbili hutajwa kabla ya nyingine zote. Ya kwanza ni wepesi, unaopimwa kwa digrii za API, kipimo ambacho maji hupewa 10 na namba hupanda kadiri mafuta yanavyokuwa mepesi. Brent ya Bahari ya Kaskazini hukaribia 38, WTI (West Texas Intermediate) ya Marekani ni kama 40, Arab Light ya Saudi Arabia ni kama 33, Dubai ni kama 31, na Western Canadian Select ya Kanada ni takriban 21. Mafuta mepesi hutoa petroli na dizeli nyingi hata katika kiwanda cha kawaida, ilhali mazito huacha mabaki mengi ambayo yasipoongezewa kazi hubaki kuwa lami au mafuta ya kuendeshea meli. Sifa ya pili ni salfa. WTI ina salfa isiyofika asilimia 0.3, Brent kama asilimia 0.4, Dubai kama asilimia 2, na yale ya Kanada huzidi asilimia 3. Salfa huondolewa kwa hidrojeni katika joto na shinikizo kubwa, na gharama ya kazi hiyo hukatwa kwenye bei ya muuzaji. Wafanyabiashara huyaita mafuta yenye salfa kidogo matamu, na yenye salfa nyingi machachu.

Baada ya hizo mbili zipo sifa ambazo taarifa za habari hazizitaji kabisa, lakini mnunuzi akizipuuza atajuta: asidi, nta, unato, na metali kama vanadi na nikeli. Dar Blend uliyoiona inafaa kuwa mfano. Haihusiani na Dar es Salaam hata kidogo. Ni mafuta ya Sudan Kusini, kutoka eneo la Upper Nile, yanayopitishwa kwa bomba nchini Sudan hadi Bahari ya Shamu. Salfa yake ni ndogo, hivyo anayetazama kipimo hicho peke yake atasema ni mafuta mazuri, lakini ni mazito, yana nta nyingi inayoganda yakipoa, na yana asidi kali inayotafuna mabomba ya kiwanda ambacho hakikujengwa kwa chuma kinachostahimili. Viwanda vinavyoweza kuyapokea ni vichache, na wenye viwanda hivyo wanaufahamu uchache wao wanapojadiliana bei.

Sasa, bei yenyewe huandikwaje katika mkataba? Mara nyingi hakuna namba inayoandikwa, bali kanuni: bei rejea fulani, kwa wastani wa siku fulani karibu na tarehe ya kupakia, kuongeza au kupunguza dola kadhaa. Bonny Light ya Nigeria huuzwa kwa kurejea Dated Brent, yaani bei ya Brent ya shehena halisi. Saudi Aramco hutangaza kila mwezi nyongeza au punguzo la kila aina yake kwa kila eneo: shehena ya Asia hulipiwa kwa kurejea wastani wa Oman na Dubai, ya Ulaya kwa kurejea Brent, na ya Marekani kwa kurejea kipimo cha Argus, kampuni ya kutathmini bei, cha mafuta machachu ya Ghuba ya Meksiko, ambacho Aramco ilianza kukitumia mwaka 2010 ilipoachana na WTI. Tuseme wastani wa Oman na Dubai ni dola 70 na nyongeza iliyotangazwa kwa Arab Light ni dola 2. Mnunuzi wa Asia atalipa 72. Pipa lilelile likielekezwa Ulaya linaweza kuwa na bei nyingine kabisa, na masharti ya mkataba hayamruhusu mnunuzi kuligeuza njiani ili afaidi tofauti hiyo.

Muuza Mchele Tandale:

Mzee wangu, shikamoo. Kwa sisi wa sokoni maelezo haya hayana ugeni. Anayeingia kununua huuliza kwanza bei ya mchele wa Kyela, na aliyeleta wa mkoa mwingine au wenye chenga nyingi hutaja bei ya wake kwa kuongeza au kupunguza kutoka hapo. Ila kuna jambo sijalielewa. Kwetu mwenye mzigo mkubwa ndiye anayetikisa soko. Saudi Arabia inachimba mafuta mengi mno kuliko hiyo Brent. Iweje yenye wingi irejee bei ya yenye uchache?

Mchumi wa Mlimani:

Ndugu Muuza Mchele, swali lako limegusa kiini cha mada, na mfano wako unafaa hadi kufikia hapo ulipouacha. Bei rejea haichaguliwi kwa wingi wa mafuta wala kwa uzuri wake. Huchaguliwa kwa sababu watu wengi wasiohusiana huyanunua na kuyauza tena kwa uhuru, hadharani kiasi cha kutosha, kiasi kwamba bei inayoonekana hapo haiwezi kudaiwa kuwa uamuzi wa mtu mmoja. Mafuta ya Saudi Arabia, kama Mzee alivyoeleza, huuzwa na muuzaji mmoja kwa mnunuzi anayekatazwa kuyauza tena. Hata yangekuwa nusu ya mafuta yote duniani, yasingezalisha bei ya soko. Yangezalisha tangazo la muuzaji.

Na tangazo la muuzaji lilishawahi kuwa utaratibu. Kwa miaka kadhaa nchi za OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta nje, zilitumia bei rasmi ya Arab Light kama msingi, na kila nchi ikapanga ya kwake kwa kulinganisha na hiyo. Mafuta ya Bahari ya Kaskazini, Alaska na Meksiko yalipoongezeka, wauzaji wa nje ya OPEC walikuwa wakiuza chini kidogo ya bei rasmi, na Saudi Arabia ikabaki ikipunguza uzalishaji wake ili kuilinda bei ambayo wengine hawakuiheshimu. Mwaka 1985 ilichoka, ikaanza kuuza kwa kufuata thamani ya bidhaa zinazotoka kiwandani, na mwaka 1986 bei ilianguka hadi karibu na dola 10 kwa pipa. Ni baada ya anguko hilo ndipo wauzaji wakubwa walipohamia kwenye kanuni za kurejea masoko huru, nazo ndizo zinazotumika hadi leo. Kwa maoni yangu walifanya hivyo ili kujivua lawama, na si kwa hesabu za kiuchumi peke yake: bei ikianguka, hakuna waziri wa kulaumiwa.

Brent ilifaa kwa sababu ilikuwa inapakiwa melini, ina wamiliki wengi, iko chini ya sheria za Uingereza zinazoaminiwa na wafanyabiashara, na inaweza kupelekwa upande wowote wa dunia. Lakini kisima cha Brent, kilichoanza kutoa mafuta mwaka 1976, kilizeeka. Ili bei isibebwe na shehena chache zinazoweza kununuliwa zote na kampuni moja, Platts, ambayo ni kampuni ya kukusanya na kutathmini bei, iliongeza aina nyingine katika kapu hilo: Forties na Oseberg mwaka 2002, Ekofisk mwaka 2007, Troll mwaka 2018, na mwaka 2023 ikaingizwa WTI Midland ya Texas, inayovushwa Atlantiki kwa meli. Kisima chenyewe cha Brent kiliacha kuzalisha mwaka 2021. Kwa hiyo bei inayoitwa Brent leo ni ya kapu ambalo mara nyingi aina iliyo nafuu zaidi siku hiyo ndiyo inayoiamua, na aina hiyo inaweza kuwa ya Texas.

Utaratibu wa kila siku ni huu. Wanunuzi na wauzaji hutangaza kwa Platts zabuni na mauzo yao ya shehena zinazopakiwa kuanzia siku 10 hadi mwezi mmoja mbele, wakitajana kwa majina, na tathmini hufungwa saa 10:30 alasiri kwa saa za London. Forties ikizidi kiwango fulani cha salfa hukatwa bei, na aina bora kama Oseberg huongezewa, ili zote zilinganishwe kwa haki. Matokeo yake huitwa Dated Brent, na hiyo ndiyo inayoingia katika mikataba ya mafuta halisi. Brent inayosomwa kwenye taarifa ya habari ni kitu kingine kidogo: ni bei ya mikataba ya miezi ya mbele katika soko la ICE, ambayo wengi wa wanaoinunua hawataona tone la mafuta. Zinafuatana, lakini hazilingani, na soko linapobanwa zinaweza kuachana kwa dola kadhaa.

Dubai nayo ina historia inayofanana. Uzalishaji wake ulipungua mno, hivyo Platts iliruhusu mafuta ya Oman na Upper Zakum ya Abu Dhabi yatolewe badala yake. Mwezi Agosti 2015 kampuni ya Chinaoil ilinunua katika utaratibu huo wa zabuni wa Platts shehena nyingi kupita mazoea, zilizo nyingi kutoka kwa kampuni nyingine ya China, Unipec, na wafanyabiashara wakahoji kama bei ya Asia nzima inaweza kuegemea wanunuzi na wauzaji wawili. Kuanzia mwaka 2016 aina mbili zaidi, Al Shaheen ya Qatar na Murban ya Abu Dhabi, zikaongezwa. Murban baadaye ilipata soko lake yenyewe: mwaka 2021 Abu Dhabi iliondoa masharti ya mahali pa kupelekwa na kuanzisha mikataba ya mbele inayouzwa sokoni. Hilo ndilo jibu kamili kwa swali la Tandale, kwani mzalishaji mkubwa akitaka mafuta yake yawe rejea hana budi kukubali yauzwe tena bila idhini yake.

Mhasibu wa Ilala:

Nashukuru sana, na Mzee wa Kurasini, shikamoo na mimi. Nimeelewa mengi kuliko nilivyotarajia. Imebaki WTI. Ikiwa ni nyepesi kuliko Brent na ina salfa kidogo zaidi, ilipaswa kuwa ghali zaidi, lakini karibu kila siku naiona chini. Na mwaka 2020 tulisikia kwamba bei yake ilishuka chini ya sifuri. Mtu anawezaje kulipwa ili achukue mafuta?

Mzee wa Kurasini:

Marahaba. Ubora ni nusu tu ya bei. Nusu nyingine ni mahali. WTI ya soko la New York hukabidhiwa katika mji wa Cushing, jimbo la Oklahoma, katikati ya bara, mamia ya kilomita kutoka baharini. Aliyenunua mkataba na kuuacha ufikie mwisho anatakiwa kuyapokea mafuta hapo, awe na tangi au nafasi kwenye bomba. Mwaka 2011 mafuta ya Kanada na ya Dakota Kaskazini yalimiminika Cushing kuliko mabomba yaliyokuwa yakiyatoa, na WTI, pamoja na uzuri wake wote, ikauzwa chini ya Brent kwa zaidi ya dola 20. Mwaka 2012 bomba la Seaway liligeuzwa lipeleke mafuta kusini kuelekea pwani, na Desemba 2015 Marekani iliondoa katazo la kuuza mafuta ghafi nje lililokuwapo tangu miaka ya 1970. Tangu hapo tofauti iliyobaki ni takriban gharama ya bomba na meli ya kuyafikisha Ulaya. Ndiyo maana unaiona iko chini kwa dola chache karibu kila siku.

Tarehe 20 Aprili 2020 ilikuwa siku moja kabla ya mkataba wa Mei kufikia mwisho. Ugonjwa wa korona ulikuwa umesimamisha magari na ndege, matangi ya Cushing yalikuwa yamejaa au yameshakodiwa, na waliokuwa wameshika mikataba bila kuwa na pa kuyaweka mafuta walilazimika kuwalipa wenye nafasi. Bei ya kufunga siku hiyo ilikuwa hasi dola 37.63. Brent siku ileile ilibaki juu ya dola 25, kwa sababu mkataba wake haumlazimishi mtu kupokea mafuta mahali pamoja palipojaa. Hulipwa kwa fedha, na mafuta ya Bahari ya Kaskazini yakikosa tangi hubaki melini.

Kanada iliyapata hayo kwa njia nyingine. Mwishoni mwa 2018 mabomba yalijaa, na Western Canadian Select ikauzwa chini ya WTI kwa zaidi ya dola 40, hadi serikali ya Alberta ikaamuru wazalishaji wapunguze uchimbaji kuanzia Januari 2019. Katika mwaka huo mafuta hayakuwa yamebadilika hata kidogo katika ubora wake.

Msomaji wa Mbezi:

Samahani kwa kuingilia. Maelezo ni mazuri, lakini mimi bado nina shaka na huo utaratibu wa kampuni binafsi kukusanya bei kutoka kwa wafanyabiashara walewale wanaofaidika nazo. Hapa nchini jambo kama hilo tungeliita la kupangiana.

Mchumi wa Mlimani:

Shaka yako si ya bure. Mwezi Mei 2013 wachunguzi wa Tume ya Ulaya waliingia katika ofisi za BP, Shell, Statoil na Platts wakitafuta ushahidi wa kupanga bei, na uchunguzi huo ulifungwa mwaka 2015 bila mashtaka. Ulinzi uliopo ni kwamba zabuni hutangazwa kwa majina, kwamba mshindani anayeona bei imevutwa juu anaweza kuleta shehena na kumuuzia anayevuta, na kwamba Argus na wengine hutoa tathmini zao sambamba. Naona ulinzi huo unatosha pale ambapo shehena ni nyingi na hautoshi pale zinapopungua. Ndiyo sababu kapu la Brent limekuwa likipanuliwa mara kwa mara, na sitashangaa likipanuliwa tena.

Niongeze jambo moja kuhusu tofauti za ubora, kwa kuwa ni rahisi kudhani kwamba zito na chachu daima ni rahisi na jepesi na tamu daima ni ghali. Tofauti hizo hubadilika kila mwezi kwa kufuata bidhaa. Januari 2020 shirika la kimataifa la usafiri wa baharini lilishusha kiwango cha salfa kinachoruhusiwa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, na mara moja aina chache za mafuta mazito yenye salfa kidogo sana, kama Pyrenees na Vincent za Australia, zikauzwa juu sana ya Brent, kwa sababu yangeweza kuchanganywa katika mafuta ya meli karibu bila kusafishwa. Vilevile OPEC inapopunguza uzalishaji, kinachotoweka sokoni ni mafuta ya wastani na machachu ya Ghuba, na viwanda vikubwa vya India na China vilivyojengwa kwa ajili yake huyapigania hadi Dubai ikaikaribia Brent au kuipita. Siasa nayo ina sehemu yake: mwaka 2022 Urals ya Urusi iliuzwa chini ya Brent kwa zaidi ya dola 30, si kwa sababu ya salfa yake, bali kwa sababu wanunuzi wa Ulaya waliikimbia na wa India wakajua kwamba muuzaji hana pa kwenda.

Binti Kigamboni:

Ndugu Mhasibu, wakubwa wamekujibu kuhusu mafuta ghafi. Mimi niko upande wa bidhaa, katika kampuni ya usambazaji, nami naona swali lako la mwisho halijaguswa. Tanzania hainunui mafuta ghafi. Kiwanda cha TIPER, hapa kwetu Kigamboni, kiliwahi kuyasafisha, lakini kwa miaka mingi sasa ni ghala. Hata bomba la TAZAMA la kwenda Ndola, Zambia, lililozoea kupeleka mchanganyiko wa mafuta ghafi, limebadilishwa na sasa linapeleka dizeli. Kinachoshushwa Dar es Salaam, Tanga na Mtwara ni petroli, dizeli, mafuta ya taa na ya ndege yaliyokwisha kusafishwa, yakiagizwa kwa pamoja kupitia zabuni za PBPA, wakala wa uagizaji wa mafuta kwa pamoja. Zabuni hizo hazishindaniwi kwa bei ya mafuta yenyewe, maana hiyo hufuata tathmini ya Platts ya bidhaa husika katika Ghuba ya Uarabuni. Hushindaniwa kwa nyongeza juu yake, inayobeba usafiri wa meli, bima na faida ya muuzaji, kwa dola kwa tani. Utaona kwamba ni kanuni ileile ya bei rejea na tofauti, isipokuwa rejea ni dizeli badala ya mafuta ghafi.

Kwa hiyo ukitaka kukisia bei kikomo ambayo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, itaitangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, Brent itakuonyesha mwelekeo tu. Kati ya Brent na dizeli kuna faida ya kiwanda cha kusafisha, na faida hiyo ina maisha yake. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, dizeli ilipanda kuliko mafuta ghafi kwa kuwa Ulaya ilikuwa imezoea kununua dizeli ya Urusi, na aliyekuwa akitazama Brent peke yake asingeweza kueleza kwa nini serikali ililazimika kuweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 mwezi Juni mwaka huo. Fuatilia bei ya dizeli ya Ghuba, nyongeza za zabuni zinazotajwa katika taarifa ya EWURA yenyewe, na thamani ya shilingi kwa dola. Kumbuka pia kwamba meli inayoshusha leo ilipangiwa bei yake wiki kadhaa zilizopita, hivyo Brent ikianguka Jumatatu usiahidi wateja wako nauli nafuu Ijumaa.

Jambo dogo kwa mhasibu: mafuta ghafi na bei za Ghuba hutajwa kwa pipa, zabuni zetu kwa tani, na sheli kwa lita. Pipa ni lita 159. Tani ya dizeli ni takriban mapipa 7.45, na ya petroli huzidi mapipa 8 kwa kuwa ni nyepesi. Nimeona hesabu nyingi zikiharibika hapo, mtu akitumia kigawanyo kimoja kwa bidhaa zote.

Mkazi wa Chongoleani:

Nimefuata mjadala huu kutoka Tanga. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, linaishia hapa kwetu, na watu wengi wanasema mafuta hayo yatauzwa kwa bei ya Brent. Je, ni kweli?

Mzee wa Kurasini:

Yatauzwa kwa kurejea Brent, kama yalivyo mafuta mengi ya Afrika. Kuuzwa kwa bei ya Brent ni jambo jingine. Mafuta ya Uganda yana salfa kidogo, na hilo litapendwa, lakini yana nta nyingi kiasi kwamba bomba lote la kilomita 1,443 limebuniwa kupashwa joto, ili mafuta yakae kwenye nyuzi 50 za selsiasi au zaidi yasigande njiani. Matangi ya Chongoleani yatapashwa joto, meli itakayokuja itatakiwa iweze kuyapasha, na kiwanda kitakachoyapokea vilevile. Kila hitaji la namna hiyo hupunguza idadi ya wanunuzi. Isitoshe, aina mpya huanza bila historia: viwanda hutaka kwanza kuona uchambuzi wa maabara, kisha shehena ya majaribio, na mara nyingi muuzaji hukubali punguzo hadi aina yake izoeleke. Kenya ilipouza shehena yake ya kwanza ya Turkana mwaka 2019, mafuta ambayo nayo yana nta nyingi na salfa kidogo, mapipa 200,000 yalinunuliwa na ChemChina kwa dola milioni 12, yaani dola 60 kwa pipa, na wakati huo Brent ilikuwa juu ya hapo kwa dola chache.

Ila kwa upande wetu kuna tofauti inayosahaulika. Tanzania, kupitia TPDC, shirika lake la mafuta, ina asilimia 15 ya bomba, haina sehemu katika visima. Itakachopata ni sehemu yake katika nauli ya kupitisha mafuta, iliyokubaliwa kuwa dola 12 na ushee kwa pipa, pamoja na kodi na ajira. Nauli hiyo haitapanda Dubai ikiipita Brent, wala haitashuka mnunuzi wa China akidai punguzo kwa ajili ya nta. Punguzo hilo litaumiza Uganda na kampuni zinazochimba. Kwetu kitakachohesabiwa ni mapipa mangapi yamepita, na kwa jinsi ninavyolifahamu bomba la namna hii, mapipa mengi yatategemea kama mitambo ya kupasha joto itakuwa na umeme usiokatika.